Maswali na Majibu: Kompyuta Mpakato Nyepesi, Tunataka Nini Safari Ijayo?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie wanachokitarajia kutoka kwa kizazi kijacho cha kompyuta mpakato nyembamba na nyepesi. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, na nyingi kati yake zinalalamikia mambo yale yale. Tumechagua chache zinazowakilisha nyingine, tukazifupisha, na tunazijibu hapa moja baada ya nyingine.

Ndugu Mhariri, mimi ni mkaguzi wa hesabu, na kazi yangu ni ya kuhamahama, kompyuta ikiwa begani tangu asubuhi hadi jioni. Kila mwaka nasikia kwamba toleo jipya ni jembamba kuliko lililotangulia, lakini bega langu halijaona nafuu. Je, kizazi kijacho kitakuwa chembamba zaidi, na hilo litanisaidia nini?
*Mkaguzi wa hesabu*

Bega lako linasema kweli. Wembamba na wepesi ni mambo mawili ambayo matangazo huyafunga katika furushi moja, na mnunuzi akilibeba furushi hilo bila kulifungua hulipia la kwanza akidhani amelipata la pili.

Tuchukue mfano unaojulikana na wengi. Mnamo Januari 2008, Steve Jobs aliitoa MacBook Air ya kwanza ndani ya bahasha ya karatasi mbele ya hadhira. Sehemu yake nene kabisa ilikuwa na milimita 19.4, na uzito wake ulikuwa kilo 1.36. Toleo la mwaka 2022 la kompyuta hiyo hiyo lilikuwa na unene wa milimita 11.3 na uzito wa kilo 1.24. Katika miaka hiyo 14 unene umepungua kwa zaidi ya asilimia 40, ilhali uzito umepungua kwa gramu 120 tu, yaani chini ya asilimia 10. Jicho limefaidi, bega halikufaidi.

Sababu iko katika maumbile ya vitu vyenyewe. Bamba likipunguzwa unene kwa nusu, uwezo wake wa kutopinda hushuka hadi moja ya nane. Kwa hiyo mtengenezaji anayetaka kompyuta nyembamba isiyokunjika ndani ya mkoba hulazimika kurudisha metali pale alipodhani ameipunguza. Uzito mkubwa umo katika skrini, betri na kasha la nje, na njia ya kuupunguza ni kubadilisha mata ya kasha. Magnesi ni nyepesi kuliko alumini kwa takriban theluthi moja kwa ujazo ule ule, na nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu ni nyepesi zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya Acer ilitoa Swift 7 yenye unene wa milimita 8.98 na uzito unaozidi kilo moja. Mwaka 2020 Fujitsu ilitoa kompyuta ya inchi 13.3 yenye gramu 634, ambayo ilikuwa nene kuliko hiyo ya Acer lakini ina uzito wa karibu nusu yake. Ni kweli kwamba betri yake ilikuwa ndogo, na hatuwezi kuificha bei hiyo. Hata hivyo mfano wenyewe unatosha kuonyesha kwamba gramu na milimita hazifuatani.

Maoni yetu ni kwamba milimita 15 zinatosha. Faida yoyote ya uhandisi itakayopatikana kuanzia sasa ingeelekezwa kwenye gramu na kwenye muda wa betri. Anayekuambia kwamba ameondoa nusu milimita muulize ameondoa gramu ngapi, kisha umuulize chaja ina uzito gani, kwa kuwa nayo unaibeba. Chaja mpya zinazotumia galiamu nitridi badala ya silikoni ni ndogo na nyepesi kuliko matofali tuliyoyazoea, na si sawa kompyuta ya hali ya juu kuuzwa pamoja na chaja ya kizamani.

Ndugu Mhariri, tangazo liliniahidi saa 18 za betri, nami katika siku ya kawaida ya kazi ninapata saa 7 nikijitahidi. Isitoshe, mara kadhaa nimeifunga kompyuta ikiwa na chaji ya kutosha, nikaitoa mkobani ikiwa ya moto na imezimika. Nimedanganywa?
*Mwandishi wa habari*

Saa 18 za tangazo huenda zilipatikana kweli, ila zilipimwa katika mazingira yasiyofanana na ya kazi yako: video iliyohifadhiwa ndani ya mashine, mwanga wa skrini umepunguzwa, na hakuna programu nyingine inayofanya kazi ya maana. Namba ya kuitafuta katika karatasi ya maelezo ni ile ya wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri hubeba, kwa sababu hiyo haibadiliki kulingana na mpimaji. Betri ya wati-saa 52 kwenye kompyuta inayotumia wati 3 itadumu zaidi ya saa 17. Ukiongeza mwanga, ukafungua kurasa nyingi za intaneti na kuendesha mkutano wa video, matumizi yakapanda hadi wati 8, basi saa hizo zitakuwa 6 na nusu.

Njia ya kwanza ya kurefusha muda ni kukuza betri, lakini seli bora za lithiamu za siku hizi hubeba takriban wati-saa 250 kwa kila kilo, kwa hiyo kila nyongeza ina uzito wake. Mashirika ya ndege nayo kwa kawaida huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 bila abiria kuomba idhini. Kompyuta nyingi nyepesi hazijakaribia kikomo hicho, na wasomaji wengi waliotuandikia wanasema wangekubali gramu 60 za ziada ili wasahau chaja nyumbani bila hofu. Tunawaunga mkono.

Njia ya pili ni kupunguza matumizi, na hapa ndipo hatua kubwa zilipopigwa. Kichakataji cha M1 ambacho Apple ilikitoa mwishoni mwa mwaka 2020 kilitokana na usanifu wa vichakataji vya simu, na kikawalazimisha washindani kuamka. Mwaka 2024 Intel nayo ilitoa vichakataji ambavyo kumbukumbu yake imewekwa ndani ya kifurushi kimoja na kichakataji chenyewe, na lengo lilikuwa hilo hilo la kubana umeme. Tunatarajia mwendo huu uendelee.

Ama kuhusu kompyuta inayochemka mkobani, hiyo ni kasoro ya usanifu na haikutokana na uzembe wako. Zamani kompyuta ikilala, umeme ulikatwa kila mahali isipokuwa kwenye kumbukumbu. Siku hizi nyingi hulala kama simu, sikio likiwa wazi kwa mtandao, na programu moja yenye kiherehere inatosha kuiamsha mashine yote ikiwa imefunikwa na vitabu na nguo. Mtumiaji apewe swichi iliyo wazi ya kuchagua usingizi mzito. Kwa sasa, ukijua kwamba hutaifungua kwa saa kadhaa, tumia chaguo la kuhifadhi kazi kwenye diski na kuzima kabisa.

Ndugu Mhariri, mimi ni mfasiri, na vidole vyangu ndivyo vinavyonilisha. Kibodi za kompyuta nyembamba ni kama kugonga meza. Je, watengenezaji wanajua kwamba bado tupo watu wanaoandika?
*Mfasiri*

Wanajua, na mmoja wao alijifunza kwa gharama. Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook ya inchi 12 yenye kibodi ya muundo mpya ambao kitufe chake kilishuka kwa chini ya milimita moja, na muundo huo ukaenea katika kompyuta zake nyingine. Vumbi dogo lilitosha kukifanya kitufe kigande au kiandike herufi mara mbili. Mnamo Juni 2018 kampuni ilitangaza mpango wa kuzirekebisha kibodi hizo bila malipo, kuanzia mwishoni mwa 2019 ikaanza kurudi kwenye muundo wa zamani wa mkasi, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 ili kuimaliza kesi iliyofunguliwa na wateja nchini Marekani. Yote hayo yalitokana na kuwinda sehemu ya milimita moja.

Kitufe kinachoshuka kwa takriban milimita 1.5, chenye uso uliobonyea kidogo na mwisho unaohisiwa wazi na kidole, humtosha mwandishi wa kurasa nyingi. Tungependa kipimo hicho kiandikwe kwenye kila karatasi ya maelezo, kama uzito unavyoandikwa. Tungependa pia kibodi iweze kubadilishwa peke yake; katika kompyuta nyingi nyembamba imepigiliwa kwenye bamba la juu, hivi kwamba kitufe kimoja kikivunjika fundi hulazimika kubadilisha nusu ya mashine. Kabla ya kununua, andika aya nzima dukani. Kugusa vitufe vitatu hakutakuambia lolote.

Ndugu Mhariri, kila ninapoingia darasani kufundisha natafuta kwanza kiunganishi cha projekta, kisha kiunganishi cha flashi, kisha naomba radhi kwa wanafunzi. Je, matundu yatarudi?
*Mhadhiri*

Baadhi yamesharudi. Mnamo Oktoba 2021 Apple ilirudisha tundu la HDMI, lile la projekta na skrini ya nje, na la kadi ya kumbukumbu kwenye MacBook Pro, baada ya miaka mitano ya kuwaambia wateja kwamba hawayahitaji. Katika kompyuta nyepesi zaidi hali bado ni mchanganyiko. Kisingizio cha wembamba hakina nguvu hapa, kwa kuwa tundu la HDMI na lile la USB la kawaida yote mawili hutosha katika unene wa milimita 15. Tundu lenye kimo cha kusumbua kweli ni la waya wa mtandao, na hata hilo baadhi ya watengenezaji wamelitatua kwa mdomo mdogo unaofunguka kuelekea chini.

Kuhusu USB-C tunalo jambo la kusisitiza, maana barua kadhaa zimeonyesha kuchanganyikiwa. Matundu mawili ya USB-C yenye sura moja yanaweza kuwa na uwezo tofauti kabisa: moja huchaji, hupeleka picha kwenye skrini ya nje na kusafirisha data kwa kasi, huku jirani yake likisafirisha data peke yake, tena polepole. Alama zilizochorwa pembeni ni ndogo, na wakati mwingine hazipo. Tunachokitaka ni rahisi kukitaja: angalau matundu mawili ya USB-C yenye uwezo kamili, moja kila upande wa mashine ili waya wa chaja usipite mbele ya mkono wa mtu, pamoja na moja la USB la kawaida na moja la HDMI.

Sheria nayo imeanza kusukuma. Umoja wa Ulaya umeweka tarehe 28 Aprili 2026 kuwa mwanzo wa sharti kwamba kompyuta mpakato zinazouzwa katika nchi wanachama ziweze kuchajiwa kwa USB-C, na kwa kuwa ni taabu kumtengenezea kila mnunuzi mashine yake, athari zake hufika mbali. Linalobaki ni uimara wa tundu lenyewe. Tundu la chaji huchakaa mapema kuliko sehemu nyingi, na katika kompyuta nyingi limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Likiwekwa kwenye kibao kidogo cha saketi kinachofunguliwa kwa skrubu, kazi ya fundi inakuwa ya dakika chache.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nimeambiwa ninunue kompyuta yenye RAM ya GB 8 kisha nitaiongeza nikipata fedha. Ni ushauri mzuri?
*Mwanafunzi*

Ndugu mwanafunzi, aliyekupa ushauri huo anaikumbuka enzi iliyopita. Katika kompyuta nyembamba nyingi RAM, yaani kumbukumbu ambayo kichakataji hufanyia kazi, imelehemiwa kwenye bodi kuu au imo ndani ya kifurushi cha kichakataji, na ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Usiichukue ya GB 8 kwa mategemeo hayo. Tafuta ya GB 16, hata kama itakubidi kushuka daraja la kichakataji au kununua mashine iliyotumika.

Kulehemu huku hakukufanywa kwa uchoyo pekee, ingawa uchoyo nao umo. Kumbukumbu zinazotumia umeme kidogo zinahitaji njia fupi sana kati yake na kichakataji, jambo ambalo vibao vya zamani vya kuchomeka havikuweza kulitimiza. Mnamo Desemba 2023 shirika la viwango la JEDEC lilichapisha kiwango cha CAMM2, kinachojumuisha kibao bapa kiitwacho LPCAMM2 ambacho hufungwa kwa skrubu na kubeba kumbukumbu hizo hizo za umeme kidogo. Mwaka 2024 Lenovo ilikitumia katika ThinkPad P1. Kwa hiyo hoja kwamba haiwezekani imekufa. Kampuni ndogo ya Framework nayo, tangu mwaka 2021, imekuwa ikiuza kompyuta nyembamba ambazo mwenyewe anaweza kubadilisha betri, kibodi, skrini na hata bodi kuu kwa bisibisi moja. Kama wapo wenye haki ya kudai hili kwa sauti, ni ninyi wanafunzi, ambao kompyuta moja huitumia miaka minne au mitano.

Ndugu Mhariri, ninahariri video. Kompyuta yangu nyepesi huanza kwa kasi nzuri, lakini baada ya dakika kumi inakokota miguu. Ina virusi?
*Mhariri wa video*

Haina virusi, ina joto. Kichakataji kinaweza kutumia umeme mwingi kwa muda mfupi, na vipimo vingi vya kasi hufanyika katika muda huo. Kasha likishashiba joto, mashine hujipunguzia kasi yenyewe ili isijiunguze. Wembamba huliongeza tatizo hili kwa njia mbili: nafasi ya hewa hupungua, na feni ndogo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, hivyo hupiga kelele kubwa kwa hewa kidogo. MacBook Air haina feni kabisa tangu mwaka 2020, nayo humfaa sana mtu wa maandishi na majedwali. Kwa kazi yako ya kusaga video kwa nusu saa, feni mbili za wastani na milimita chache za ziada zina thamani kuliko kichakataji cha daraja la juu kilichofungiwa mahali pasipo na hewa. Unaposoma tathmini, ruka namba ya mbio ya kwanza na utafute ile ya mzunguko wa kumi.

Ndugu Mhariri, kila tangazo sasa linataja akili mnemba. Nisubiri kompyuta za namna hiyo?
*Karani*

Usisubiri kwa sababu hiyo. Mnamo Mei 2024 Microsoft ilitangaza kundi la kompyuta liitwalo Copilot+, na masharti yake yakawa kichakataji maalumu chenye uwezo wa kufanya operesheni trilioni 40 kwa sekunde, RAM ya GB 16 na diski ya GB 256. Faida tunayoiona mpaka sasa ni sharti la pili: kwa kisingizio cha akili mnemba, watengenezaji wengi wameacha kuuza mashine za gharama kubwa zenye GB 8. Mengine, kama kufifisha mandhari ya nyuma wakati wa mkutano bila kumaliza betri, ni mazuri lakini si ya kumkosesha mtu usingizi.

Vijana wa gazeti, mimi ni mstaafu, na macho yangu yamechoka. Mjukuu wangu anasema ninunue yenye skrini ya OLED. Mnasemaje?
*Mzee msomaji wenu*

Shikamoo, mzee wetu. Skrini ya OLED ina weusi wa kweli na rangi za kupendeza, kwa kuwa kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe. Ina walakini mbili zinazokuhusu. Nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzimika haraka sana, na baadhi ya watu huumwa kichwa kwa hilo. Tena ukurasa mweupe, ambao ndio msomaji wa magazeti na barua anautazama muda mwingi, huila betri zaidi ya ukurasa mweusi. Kwa kusoma, tunakupendekezea skrini ya kawaida isiyong'aa kama kioo cha dirisha, yenye umbo refu kidogo la uwiano wa 16:10 na ukubwa wa inchi 14. Mjukuu ana haki yake ikiwa naye ataitumia kutazama filamu.

Ndugu Mhariri, kompyuta yangu hukaa kwenye umeme karibu siku nzima. Ninaiua betri? Na ikifa, nitaweza kuibadilisha?
*Mhudumu wa ofisi*

Betri ya lithiamu huchakaa haraka zaidi inapokaa imejaa huku ikiwa na joto, na hiyo ndiyo hali ya kompyuta yako. Watengenezaji wengi wameweka katika mipangilio chaguo la kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Liwashe leo, kisha siku ya safari uliondoe kwa muda. Katika kompyuta zijazo chaguo hilo lingewashwa tangu kiwandani, na anayetaka asilimia 100 ndiye alitafute.

Kuibadilisha kunategemea jinsi ilivyofungwa. Iliyofungwa kwa skrubu ni kazi ndogo kwa fundi. Iliyobandikwa kwa gundi inahitaji uangalifu, maana ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi na vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa zana zinazopatikana madukani. Kama yako bado inakupa nusu ya muda wa awali na kazi zako ziko karibu na soketi, iache imalize maisha yake. Ikianza kuvimba na kulisukuma kasha au padi ya kugusa, izime siku hiyo hiyo, usiichaji tena, na umpelekee fundi.